Mgonjwa mbele ya milango mitatu

Swali moja hurudi mara nyingi katika mikutano yetu ya parokia, hasa kikundi kinapokusanya mchango kwa ajili ya mwenzetu aliyelazwa: mgonjwa apelekwe wapi, hospitali ya Serikali au prive? Wengine hujibu upesi. Kwa Serikali utakufa ukingoja. Kwa prive utapona, lakini kiwanja kitauzwa. Majibu hayo yana ukweli wake, ila yanasahau kwamba katika nchi yetu hospitali haikuwa na milango miwili tu. Tangu zamani ilikuwako mitatu: wa Serikali, wa kampuni na wa misioni. Anayetaka kuelewa kwa nini leo mgonjwa wa Kongo huulizwa fedha kabla ya kuulizwa anaumwa wapi, inambidi aifuate historia ya milango hiyo.

Mlango wa Serikali ulifunguliwa kwa hofu. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza vijiji kando ya mito, na utawala uliona watu wa kubeba mizigo na kutafuta mpira wakipungua. Mwaka 1903 Mfalme Leopold II aliwaalika waganga wa chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool wauchunguze ugonjwa huo. Mmoja wao, Joseph Dutton, alifia Kasongo, Maniema, mwezi wa Februari 1905, kwa homa ya kupe ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiichunguza. Baada yao zilijengwa lazareti, yaani nyumba za kuwatenga wagonjwa. Watu walipangwa mstari na kupapaswa shingo, na aliyetaka kusafiri alidaiwa hati ya mganga. Katika mlango huo mgonjwa hakulipa kitu, lakini pia hakuulizwa kama anataka kuingia. Lazareti iliogopwa kama gereza, na wengi walikimbilia porini. Tukumbuke jambo hili tunapowasikia wazee wakisifu matibabu ya bure ya wakati wa Wabelgiji. Yalikuwa ya bure, ndiyo, uhuru haukuwamo.

Misioni iliingia karibu wakati uleule. Masista wa Upendo wa Ghent walipanda meli kuja Kongo mwaka 1891, na tangu siku za mwanzo masista wa mashirika mbalimbali walitumika katika nyumba za wagonjwa zilizokuwa mali ya Serikali. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba hospitali ya Serikali na hospitali ya Kanisa ni mikondo miwili isiyokutana wanakosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Leuven kilianzisha shirika lake la kiganga, FOMULAC, huko Kisantu penye misioni ya Majesuiti, na baadaye likajenga hospitali Katana, Kivu, ambayo ingali inatibu watu hadi leo. Mwaka 1930 Serikali ikaanzisha Foréami, iliyozunguka vijiji vya Kongo ya Chini ikipima kila mtu, mzima na mgonjwa.

Ubaguzi nao ulikuwa na mlango wake. Léopoldville Mzungu alilazwa katika kliniki iliyoitwa kwa jina la Malkia Elisabeth, ambayo leo ni Kliniki Ngaliema. Mtu mweusi alikwenda kwenye Hospitali ya Wakongomani, ile iliyokuja kuitwa Mama Yemo na ambayo sasa ni hospitali kuu ya Kinshasa. Zote mbili zilikuwa za Serikali ileile. Basi chumba kizuri cha peke yako, shuka safi na mganga anayekuita kwa jina, mambo tunayoyahesabu leo kuwa ya prive, yalianza katika nchi yetu kama haki ya rangi ya ngozi. Rangi ilipoondoka, fedha ikakaa katika kiti chake.

Tuje kwenye mlango wa pili, ambao vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wamesikia habari zake nyumbani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka yake ya kwanza wafanyakazi walikuja kwa miezi michache, wakafa wengi kwa kichomi na kuhara, na waliobaki wakarudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili shauri: mfanyakazi aje na mke, akae, azae. Hapo zikajengwa hospitali za wafanyakazi, nyumba za kuzalia, na mahali pa kupimia watoto na kuwagawia maziwa. Mapadri Wabenedikto wa Mgr de Hemptinne walipewa shule za kambi. Vifo vilipungua kweli, na watoto walizaliwa wengi. Kampuni haikufanya hivyo kwa ajili ya Injili. Ilipiga hesabu, ikaona kwamba mtu mzima kiafya anachimba shaba nyingi kuliko mgonjwa, na mtoto aliyekulia kambini atakuwa mchimbaji wa kesho bila gharama ya kumtafuta mbali. Hata hivyo mama aliyejifungua salama pale hakujifungua kwa nadharia. Tusiidharau huduma kwa sababu nia yake ilichanganyika. Ila tukumbuke kwamba huduma iliyofungwa kwenye mkataba wa kazi huisha mkataba ukiisha.

Na iliisha. Mwaka 1967 mali za Union Minière zilitwaliwa na taifa, na kampuni ya taifa ikaja kujulikana kama Gécamines. Kwa miaka mingi fishi ya hospitali ya Gécamines ilikuwa na thamani kuliko makuta mfukoni: mfanyakazi, mke na watoto walitibiwa bila kutoa kitu. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa Septemba 1990, nchi ikavurugika, na shaba iliyokuwa inapita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikashuka hadi makumi machache ya maelfu. Mishahara ilikatika kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Ukaitwa wa kuondoka kwa hiari, jina ambalo wenyewe hawalikubali. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikwisha kukipa kitabu chake cha mwaka 2001 kichwa kinachosema habari za watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Watu waliokuwa hawajawahi kulipia sindano hata moja walijikuta, wakiwa wazee, wakisimama kwenye kaunta ya hospitali ya Serikali bila kujua utaratibu.

Hospitali ya Serikali waliyoikuta Lubumbashi inaitwa Jason Sendwe, na jina hilo ni somo lenyewe. Sendwe, mwanasiasa wa Katanga aliyeuawa mwaka 1964, kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa mganga. Asingeweza kuwa zaidi ya hapo, maana Wabelgiji walijenga mfumo wa tiba uliosifiwa katika Afrika nzima, lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 tu, na wanafunzi wake wa udaktari hawakuwa wamemaliza. Wiki chache baadaye waganga wengi wa Kibelgiji walikimbia. Shirika la Afya Duniani likaleta waganga wa nchi nyingine, na makumi ya wasaidizi wa mganga wakapelekwa Ufaransa wakamalizie masomo, wakarudi madaktari. Hospitali nyingi za vijijini zilibaki wazi katika miezi ile kwa sababu tu wauguzi Wakongo na masista hawakuondoka.

Katika umaskini huo, nchi yetu ilifanya jambo ambalo wageni walikuja kujifunza. Kasongo ileile alimokufa Dutton, tangu mwaka 1971, waganga Wakongo pamoja na wa chuo cha Antwerp walijaribu njia hii: hospitali moja, vituo vya afya vidogo kuizunguka, wakaaji wanaojulikana idadi yao, na kamati ya wenyeji. Kisantu na Bwamanda walijaribu mambo yanayofanana. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 mfano huo ukawa sera, na katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa imegawanywa katika zoni za afya 306. Leo ni 519. Jambo lililotofautisha zoni zetu ni hili: hospitali kuu ya zoni haikulazimika kuwa mali ya Serikali. Palipokuwa na hospitali ya misioni iliyo imara, hiyo ndiyo ilifanywa hospitali kuu, na Serikali ikaitambua. Ndiyo maana ofisi ya kazi za kiganga ya jimbo, ile tunayoiita BDOM, hukaa meza moja na mganga mkuu wa zoni. Muuguzi anaweza kuwa wa Serikali, jengo la jimbo, dawa za mfadhili. Mgonjwa aliyelala pale, tukimwuliza yuko kwa Serikali au prive, atajibu nini?

Hata hivyo zoni zilizaliwa hazina kitu. Miaka ileile ya 1980 Serikali ilikuwa ikipunguza matumizi yake, na mshahara wa muuguzi ulikuwa haununui tena hata gunia la unga. Polepole, bila sheria wala tangazo, gharama zikahamishwa kutoka hazina ya taifa hadi kwenye kitanda. Mgonjwa akawa hazina. Analipia fishi, glovu, sindano, serumu, na pengine mafuta ya jenereta usiku wa upasuaji. Ndugu zake hupika nje na kulala sakafuni. Kutokana na fedha hiyo muuguzi asiye kwenye orodha ya mishahara hupata posho yake, na sehemu nyingine hupanda kwenda ofisi za juu. Hatusemi hivi ili kuwashitaki wauguzi. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi bila mshahara wa Serikali amefanya tayari sadaka ambayo wengi wetu hatujaifanya.

Prive za mitaani zilizaliwa katika pengo hilohilo, hasa tangu miaka ya 1990, baada ya uporaji wa miji. Nyingine ni nzuri kabisa. Mtu mwenye kazi katika kampuni huenda pale na karatasi ya boni, kwa kuwa sheria ya kazi inamdai mwajiri amtibie mfanyakazi na jamaa yake. Huo ndio mlango wa kampuni uliobaki, sasa umehamia ndani ya prive. Asiye na boni hutanguliza fedha ndipo apokelewe. Hapokelewi kwa ubaya, mara nyingi hupokelewa kwa tabasamu, na haraka. Ila ugonjwa ukizidi nguvu za nyumba ile ndogo, saa nane za usiku, mgonjwa hupakiwa kwenye teksi kupelekwa hospitali kuu, na fedha iliyotangulizwa imekwisha kuliwa.

Basi, je, mlango wa misioni ndio jibu? Tunaipenda Kanisa letu, na kwa hiyo tuseme kweli yote. Yambuku, mwaka 1976, ilikuwako hospitali ya misioni yenye vitanda 120. Watu waliacha vituo vya karibu wakatembea mbali kuijia, kwa sababu ilikuwa na dawa. Kila asubuhi masista walitoa sindano tano kwa kazi ya siku nzima, zikasuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa ambao dunia haikuwa na jina lake ulipita katika sindano hizo, hasa kwa akina mama wajawazito waliokuja kupimwa. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali walikufa 11, na masista wanne wakawa miongoni mwa wafu. Hospitali ikafungwa. Ugonjwa ulipewa jina la mto wa jirani, Ebola. Masista wale hawakukosa upendo, na imani ya watu kwao haikuwa ya uongo; kilichokosekana ni sindano, na mtu wa kuwakagua na kuwaambia kwamba tano hazitoshi.

Miaka 19 baadaye, Kikwit, ugonjwa uleule uliingia hospitali kuu ya Serikali. Mwezi wa Aprili 1995 mfanyakazi mmoja wa maabara alipasuliwa tumbo, na kikundi kilichompasua kikaambukizwa. Miongoni mwao alikuwa Sista Floralba Rondi, wa shirika la Masista Maskini wa Bergamo, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alikufa tarehe 25 Aprili. Wenzake walimwuguza, wakafuata: masista sita wa shirika moja waliaga dunia katika majuma machache. Hesabu ya wagonjwa ilifika 315, na waliokufa karibu 250. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa kama 80, wengi wao walei, baba na mama wa familia, ambao majina yao hayajaandikwa popote ila katika nyumba zao. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua kwamba masista wale waliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa. Waliziishi wapi? Katika hospitali ya Serikali, isiyokuwa na glovu za kutosha, iliyodharauliwa na kila mwenye fedha ya kwenda pengine. Tukiweka Yambuku na Kikwit bega kwa bega, hatuoni kwamba mlango wa misioni ni wa uzima na wa Serikali ni wa kifo. Tunaona umaskini uleule ukiua katika milango yote miwili.

Linabaki jambo linalotuuma zaidi, nalo ni la kawaida kiasi kwamba tumezoea kulipita. Mgonjwa amepona, au mama amejifungua, na hawezi kulipa. Harudishwi nyumbani. Anabaki wodini wiki, mwezi, mtoto mikononi, mlangoni mlinzi, na kila siku deni linapanda kwa sababu ya kitanda anachokizuiliwa kukiacha. Jambo hili hufanyika katika nyumba za Serikali, katika prive, na, tuseme bila kuficha, katika nyumba zenye msalaba juu ya mlango. Katiba yetu ya mwaka 2006 inalinda uhuru wa mtu katika ibara ya 17, na haki ya afya katika ibara ya 47. Mwenye hospitali naye atatuuliza: dawa za kesho nitazinunua kwa nini? Swali lake ni la haki. Ndiyo maana kumkemea peke yake hakusaidii kitu.

Bwamanda, kaskazini mwa nchi, walijaribu kulijibu. Mwaka 1986, katika zoni iliyokuwa mikononi mwa hospitali ya misioni, kila nyumba ilialikwa kutoa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, katika majira ambayo watu wamekwisha kuuza mavuno na fedha iko mkononi. Aliyeingia, akilazwa hospitalini, alilipa sehemu ndogo tu ya gharama. Nyingine ilitoka katika mfuko. Katika miaka michache nyumba nyingi za zoni zilijiandikisha, na mfuko ulidumu wakati fedha ya Zaire ilikuwa ikiyeyuka na mabenki yakifungwa. Hesabu yake ilifuata kalenda ya shamba, si ya ofisi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu kubwa. Baadaye majimbo mengine yalifuata njia hiyo, kama Bukavu, ambako BDOM imesimamia mituweli za afya. Si zote zilizosimama. Mahali pengine mweka hazina alikimbia na sanduku, pengine watu waliochanga walifika hospitalini wakakuta hakuna dawa, na mwaka uliofuata hawakuchanga tena.

Katika mfano wa Msamaria, tunaousoma katika sura ya 10 ya Luka, kuna jambo ambalo mahubiri mara nyingi hulipita upesi. Yule msafiri hakumaliza kazi yake barabarani kwa mafuta na divai. Alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Mwenye nyumba hakuombwa atoe huduma bure, na majeruhi hakuzuiliwa kwa deni. Kulikuwa na mtu wa tatu, mwenye fedha taslimu na neno la kuaminika.

Nafasi hiyo ya mtu wa tatu Serikali imeanza kuidai. Mwezi wa Septemba 2023 ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bure, kwa mama na kwa mtoto mchanga, katika hospitali na vituo vilivyochaguliwa, na vya Kanisa vimo, kisha ikaahidi kuueneza mikoani. Mpango huo utaishi au utakufa kwa jambo moja: kama fedha ya Serikali itafika hospitalini kwa wakati. Ikichelewa, glovu zitaombwa tena kwa mama, mwanzo kwa siri, baadaye waziwazi. Vikundi vya vijana vinavyotembelea wagonjwa siku ya Jumapili viko mahali pazuri pa kuliona hilo mapema, kabla ya ofisi yoyote. Mkiingia wodi ya wazazi, pamoja na sala na sabuni mnayoleta, waulizeni akina mama taratibu ni siku ngapi tangu waruhusiwe kutoka, na ni nini waliambiwa wanunue. Andikeni tarehe na vitu, bila majina ya watu, mkampelekee paroko na kamati ya afya ya zoni. Kamati hiyo ina viti vya wakaaji tangu siku za Kasongo. Katika maeneo mengi viti hivyo viko wazi.